NYUMBA YA KUPANGISHA NAYO HULA
Mfanyakazi anayejenga vyumba Pajulu atenge fedha za matengenezo kabla hajaigusa kodi

Arua ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Tangu siku hiyo Pajulu, ambayo wengi wetu tuliijua kama gombolola ya mashambani pembeni mwa mji, imo ndani ya mipaka ya jiji. Mahali palipolimwa mihogo na maharagwe sasa pamepimwa viwanja, na juu ya viwanja hivyo vimeota vyumba vya kupangisha: vyumba vinne, sita au vinane katika safu moja, paa moja la mabati, na choo kimoja nyuma.

Wanaojenga vyumba hivi si matajiri peke yao. Wengi ni wafanyakazi kama wewe na mimi: mwalimu, mwuguzi, dereva, karani, askari aliyestaafu. Fedha zao hutoka kwenye kiinua mgongo, au kwenye mkopo unaokatwa katika mshahara, au kwenye akiba ya Mfuko wa NSSF. Sheria ya Mfuko huo ilirekebishwa mwanzoni mwa mwaka 2022, na sasa mwanachama aliyetimiza umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wengi waliozichukua fedha hizo walifikiria jambo moja tu: tofali.

Hakuna ubaya. Mfanyakazi akijenga amefanya jambo la maana. Lakini iko hesabu moja ambayo wengi wetu hatuifanyi, na kwa kutoifanya jasho la miaka thelathini hupotea katika miaka kumi. Hesabu hiyo ni ya matengenezo. Makala hii yataka kuieleza kinaganaga, kwa shilingi, ili kila mwanachama aweze kukaa na daftari lake akaifanya mwenyewe.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya neno moja. Humu ndani "kodi" ni fedha anazolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Zile zinazokwenda serikalini tutaziita "ushuru".

KODI SI MSHAHARA

Mtu aliyezoea mshahara huichukua kodi kama mshahara. Husema: "Nina vyumba vinne, kila kimoja shilingi laki moja, kwa hiyo nina laki nne kila mwezi." Kisha huzigawa laki hizo nne: karo, chakula, matibabu ya mzazi, mchango wa arusi. Mwaka wa kwanza mambo huenda vizuri, maana nyumba ni mpya. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu rangi imebanduka na vitasa viwili haviingii ufunguo. Mwaka wa tano choo kimejaa. Mwaka wa saba upepo umeng'oa mabati matano, na fundi akipanda juu anakuta mbao zimeliwa na mchwa. Hapo mwenye nyumba huanza kukopa ili aitengeneze nyumba ambayo ilimpa laki nne kila mwezi kwa miaka saba.

Fedha za matengenezo zilikuwapo. Zilikuja ndani ya kodi, mwezi baada ya mwezi, naye akazila akidhani ni zake. Kila anapolipa, mpangaji analeta vitu viwili kwa pamoja: faida ya mwenye nyumba, na kipande kidogo cha paa, cha mlango, cha sakafu na cha choo ambacho amekitumia mwezi ule. Kipande hicho si faida. Ni nyumba yenyewe inayochakaa na kugeuka shilingi. Ukikila, umekula nyumba.

Mwenye lori analijua jambo hili. Haliiti lori lake la faida mpaka ametoa fedha za magurudumu na oili. Mwenye nyumba naye ana magurudumu yake, ila tu yanachakaa polepole, na kwa kuwa hayapasuki ghafla barabarani, huyasahau.

NINI HUILA NYUMBA YA PAJULU

Tusizungumze juu ya nyumba za vitabuni. Tuitazame nyumba ya kwetu.

Kwanza, maji. Huku Arua mvua huanza mwezi wa tatu au wa nne, hukazana kati ya Agosti na Oktoba, na hukoma karibu na Desemba. Hii ina maana kwamba kwa miezi minane au tisa kila mwaka maji yanalipiga paa, yanaruka kutoka ardhini na kulowesha ukuta wa chini. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na simenti imepakwa kwa nje tu. Lipu ikipasuka, maji huingia katika udongo ule na kuula kutoka ndani. Kwa macho ukuta umesimama. Kwa kweli umekuwa kama mkate uliolowa. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfuko mmoja wa simenti mwaka huu ni nafuu kuliko ukuta mzima miaka mitatu ijayo.

Pili, upepo. Mvua za kwanza mara nyingi huja na dhoruba. Bati likiwa jembamba, misumari ikiwa michache, au mbao za ukingoni zikiwa zimeoza, dhoruba moja ya robo saa yatosha. Tukumbuke kwamba katika mabati, namba ikikua bati huwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Aliyenunua geji 32 kwa kuokoa fedha amehamisha tu gharama, kutoka siku ya kujenga hadi siku ya kutengeneza.

Tatu, mchwa. Watoto wetu hufurahia kumbikumbi wakiruka, nasi tunawala kwa furaha. Lakini ndugu zao waliobaki ardhini hawana sikukuu. Hupanda kwa njia zao za udongo ukutani, wakaingia katika fremu za milango, wakaifikia kenchi. Mwenye nyumba anayekaa Koboko au Kampala, anayetumiwa kodi kwa simu, hatawaona mpaka fremu imebaki ganda.

Nne, choo. Katika vyumba vya safu, familia nne au zaidi hutumia shimo moja. Shimo hilo lina siku yake ya kujaa, na siku hiyo haiulizi kama karo imelipwa. Itabidi kuita lori la kunyonya, ikiwa lori laweza kufika na shimo limejengewa vizuri. La sivyo, itabidi kuchimba jingine. Na kiwanja kidogo hakina nafasi ya kuchimba mashimo daima.

Tano, mikono ya watu. Mlango unaofunguliwa mara ishirini kwa siku hulegeza bawaba. Soketi inayochomekwa pasi na jiko huungua. Wapangaji wanapohama na wengine kuingia, kitasa hubadilishwa na ukuta hupakwa rangi upya. Huu si uharibifu. Ni matumizi ya kawaida ya nyumba.

Sita, kukaa bure. Nyumba tupu haileti kodi, na huharibika upesi kuliko yenye watu. Vita vilipozuka Juba Julai 2016, watu wengi walikimbia kutoka Sudan Kusini. Kambi za Rhino Camp na Imvepi zikajaa, mashirika ya misaada yakafungua ofisi Arua, na wafanyakazi wao wakatafuta nyumba. Waliojenga wakati ule walidhani mahitaji hayatapungua kamwe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika mengi yakapunguza watu. Mfanyakazi aliyepoteza kazi hawezi kulipa chumba. Kwa hiyo anayepiga hesabu ya kodi ya miezi 12 kwa 12, kila mwaka, anajidanganya.

TUPIGE HESABU

Sasa tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu; kila mwanachama aweke zile anazozikuta kwa fundi na dukani mahali pake. Jambo la maana ni njia.

Mwanachama ana vyumba vinne, kila kimoja sh. 100,000 kwa mwezi. Achukue daftari, aandike kila kitu kinachochakaa, gharama ya kukirudisha kiwe kizima, na miaka kinayodumu. Kisha agawanye gharama kwa miaka.

(a) Paa, yaani mabati, misumari na mbao zilizooza: sh. 3,000,000, miaka 20. Kwa mwaka sh. 150,000.

(b) Rangi ndani na nje: sh. 600,000, miaka 4. Kwa mwaka sh. 150,000.

(c) Choo, kunyonya au kuchimba: sh. 1,000,000, miaka 5. Kwa mwaka sh. 200,000.

(d) Milango, madirisha, vitasa na bawaba: sh. 1,200,000, miaka 10. Kwa mwaka sh. 120,000.

(e) Umeme, yaani waya, soketi na swichi: sh. 500,000, miaka 10. Kwa mwaka sh. 50,000.

(f) Sakafu na lipu: sh. 400,000, miaka 5. Kwa mwaka sh. 80,000.

Jumla kwa mwaka ni sh. 750,000, yaani sh. 62,500 kila mwezi. Kodi ya nyumba nzima ni sh. 400,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba katika miezi 12 ya mwaka, kodi ya karibu miezi miwili ni ya nyumba, si ya mwenye nyumba.

Wengine watasema hii ni nyingi mno. Watakuambia kwamba katika nchi nyingine watu hutenga kila mwaka asilimia moja ya gharama ya kujenga. Kama vyumba hivi viligharimu shilingi milioni 30, asilimia moja ni sh. 300,000 tu. Lakini kanuni hiyo inakisia nyumba moja yenye familia moja. Sisi tumejenga vyumba vinne vidogo: milango minne ya mbele, vitasa vinne, familia nne kwenye choo kimoja. Jengo ni dogo na matumizi ni makubwa. Nyumba ndogo yenye watu wengi hula kuliko inavyoonekana.

Sasa tumalize hesabu. Kodi kamili ya mwaka ni sh. 4,800,000. Tuseme kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja katika mwaka, toa sh. 400,000. Zinabaki sh. 4,400,000. Toa ushuru wa serikali, ambao tutaueleza hivi punde, sh. 189,600. Toa matengenezo sh. 750,000. Zinabaki sh. 3,460,400. Zigawe kwa miezi 12, unapata kama sh. 288,000 kwa mwezi.

Basi pato la kweli la mwenye vyumba hivi ni laki mbili na themanini na kitu, wala si laki nne. Mwanachama aliyekopa benki akaahidi kurudisha sh. 350,000 kila mwezi kwa kutegemea "laki nne" zake, tayari amekwisha kuzama, ila maji bado hayajamfika shingoni. Hesabu hii ifanywe kabla ya kutia sahihi mkopo, si baada.

USHURU HAUTAZAMI GHARAMA ZAKO

Hapa pana jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui. Kwa utaratibu ulioanza Julai 2022, mtu binafsi nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12 juu ya kodi yote aliyopokea katika mwaka, ikizidi sh. 2,820,000. Gharama hazipunguzwi. Ukinunua mabati, ukimlipa fundi, ukinyonya choo, ushuru ni ule ule. Katika mfano wetu, sh. 4,400,000 toa sh. 2,820,000 ni sh. 1,580,000, asilimia 12 yake ndiyo hizo sh. 189,600.

Kwa hiyo matengenezo hutoka katika fedha zilizokwisha tozwa ushuru. Hakuna wa kukusaidia kuyabeba. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyatenga mapema.

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 nayo imefunga mlango mwingine. Zamani mwenye nyumba aliyekawia kutengeneza aliweza kuwaambia wapangaji, "Nimeweka mabati mapya, kodi sasa ni mara moja na nusu." Sheria hiyo yasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri akiweka kiwango kingine. Ukiiacha nyumba miaka minane bila kuitengeneza, hutaweza kuzirudisha gharama za miaka minane kwa mpigo mmoja kutoka mfukoni mwa mpangaji.

Na zile fedha za dhamana ambazo mpangaji huweka siku ya kuingia, tusizihesabu. Hizo ni za kufidia alichovunja yeye. Si za kununua rangi iliyofifia kwa jua, wala si za karo ya mtoto wako. Akitoka bila kuharibu, ni zake.

FEDHA ZIKAE WAPI

Kujua hesabu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuziweka fedha mahali zisipoliwa.

Sisi wanachama tunalo funzo letu wenyewe. Mchango wa chama chetu hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Akiba ya NSSF nayo hivyo hivyo: asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri, na hakuna anayeulizwa mwisho wa mwezi kama amebakiwa na kitu. Kama tungengoja kila mtu achangie baada ya kumaliza matumizi yake, vyama vingekufa na wazee wetu wangestaafu mikono mitupu. Makato hufaulu kwa sababu hutangulia matumizi. Nyumba nayo ipewe makato yake. Siku kodi inapoingia, kabla ya kitu kingine chochote, sh. 62,500 ziende zake.

Ziende wapi? Zisikae katika simu ile ile unayonunulia mkate. Zifunguliwe akaunti ya peke yake, benki au katika chama cha kuweka na kukopa, jina lake likiwa la nyumba, si la mtu. Mume na mke wote waijue, na ikiwezekana sahihi ziwe mbili. Kila inapotoka shilingi, iandikwe: tarehe, kitu, bei, fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litakusaidia pia kujua kweli ya miaka: kama ulidhani rangi hudumu miaka minne na daftari linaonyesha mitatu, utarekebisha makato yako kila Januari.

Jambo hili si geni kwetu. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Arua na Koboko, wanajua habari ya wakfu. Mtu akiiweka nyumba wakfu ili kodi yake iwasaidie maskini au msikiti, wanazuoni wameeleza kwamba pato la kwanza ni la kuitengeneza nyumba yenyewe, ndipo wanaostahili wapewe. Maana nyumba ikianguka, maskini hatapata kitu mwaka ujao. Ikiwa hata maskini wa wakfu hungoja mpaka paa litengenezwe, sembuse sisi na michango yetu ya arusi?

Na tusianze na mfuko mtupu. Dhoruba haingoji akaunti ijae. Yeyote anayejenga abakize kodi ya miezi miwili ya nyumba nzima kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Ikiwa fedha zinakwisha, ni heri vyumba vitatu vyenye mfuko wa akiba kuliko vinne visivyo na kitu.

Mwaka 2024 tuliliona jambo hili kwa macho. Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilichakaa mpaka likafungwa kwa matengenezo, na magari ya mizigo yakalazimika kuzunguka mbali. Kwetu West Nile, simenti, mabati na misumari mingi hupanda barabara hiyo. Mwenye nyumba ambaye paa lake lang'oka wakati kama ule hulipa bei atakayoikuta. Mwenye akiba hulipa na kuendelea. Asiye na akiba hufunika kwa turubai, na wapangaji huhama.

FUNZO LA MAJUMBA YA MIJI

Anayedhani kwamba nyumba ya mawe haifi, azitazame habari za miji yetu. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na majumba yao mjini yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kuyatunza. Watu walipangishwa, kodi ikakusanywa, lakini kwa miaka mingi paa na mabomba hayakushughulikiwa. Majumba mengi yaliporudishwa kwa wenyewe katika miaka ya 1990, chini ya sheria ya mwaka 1982, yalikuwa yamechakaa vibaya.

Tanzania nayo, mwezi wa Aprili 1971, ilitaifisha majumba yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kumwondolea mpangaji kodi kubwa. Lakini kodi ndogo haikutosha kuyatengeneza majumba, nayo yakazeeka mpaka Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Funzo ni moja kwa serikali na kwa mwalimu mstaafu wa Pajulu. Kodi isiyokuwa na sehemu ya matengenezo ndani yake, iwe kubwa au ndogo, inaila nyumba. Tena bado yatupasa kujiuliza: kama idara zenye wahandisi zilishindwa, mtu mmoja asiye na daftari atafaulu vipi?

MPANGAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Hii ni gazeti la wafanyakazi, na wasomaji wetu wengi hawana nyumba za kupangisha. Wao ndio wapangaji. Hatuwezi kuzungumza na upande mmoja tu.

Chumba kinachovuja kinamkosesha usingizi mwuguzi ambaye kesho asubuhi atachoma sindano. Choo kilichojaa kinaleta kipindupindu na kuhara kwa watoto wa dereva. Ukuta wenye unyevu unaleta kikohozi. Mwajiri akituweka katika kambi ya namna hiyo tungegoma. Je, mwanachama mwenzetu akituweka humo, ni haki kwa kuwa ni mwanachama? La hasha. Mwenye nyumba anapaswa kukabidhi nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu, na hilo ni la sheria na la utu pia.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Atoe habari ya bati lililolegea siku ile ile, asingoje mvua. Asitupe takataka katika choo cha shimo, maana ndizo zinazokijaza kabla ya wakati na kuharibu mashine ya kunyonya. Asimwage maji ya kufulia kando ya msingi. Na apokee karatasi: mapatano yaandikwe, yakisema wazi nani hutengeneza nini. Kwa kawaida paa, ukuta, choo na nyaya ni za mwenye nyumba. Balbu na kioo alichovunja mtoto ni za mpangaji.

Mwenye nyumba aliyetenga fedha haogopi mpangaji anayepiga simu kusema bati limelegea. Humshukuru, humtuma fundi, na msumari mmoja huokoa bati zima. Asiyetenga humwona mpangaji huyo kuwa msumbufu. Hivyo ugomvi mwingi wa nyumba, ukiutazama chini yake, ni ugomvi wa akaunti tupu.

KALENDA YA MWAKA

Kwa kumalizia, tunapendekeza utaratibu huu kwa kila mwanachama mwenye vyumba:

1. Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi: panda juu ya paa na fundi. Kaza misumari, ziba matundu, badilisha mbao zilizooza. Ziba nyufa za lipu. Pima kina cha choo kwa fimbo. Kazi za rangi na simenti zifanyike sasa, maana ukuta umekauka.

2. Machi, kabla ya mvua: safisha mifereji ya maji, chonga ardhi ili maji yaikimbie nyumba, kata matawi yaliyoinamia paa.

3. Julai, kabla ya mvua kubwa: zunguka nyumba ukitafuta njia za mchwa, hasa kwenye fremu za milango. Uliza kila mpangaji kama kuna mahali panapovuja.

4. Novemba: fungua daftari. Linganisha kilichotumika na kilichotengwa. Uliza bei mpya za mabati na simenti, kisha panga makato ya mwaka unaofuata.

Na kwa yule ambaye bado hajajenga: ongeza mabati ya geji nzuri, msingi ulioinuka, ukingo wa paa uliotokeza kulinda ukuta, na choo ambacho lori laweza kukifikia. Kila shilingi unayoweka hapo inapunguza makato ya miaka ishirini ijayo.

Ndugu wafanyakazi, kiinua mgongo hutolewa mara moja tu. Hakuna mwajiri atakayekupa cha pili kwa sababu mchwa walikula cha kwanza. Nyumba ikitunzwa itakulisha uzeeni, na itawalisha watoto wako baada yako. Lakini nayo hula. Tuipe sehemu yake kwanza, kila mwezi, bila kungoja ituombe.